Ukuta Uliotiwa Wanga

Diani, 20 Novemba 1963

Kwa Mjomba Alfani,

Sura ya mama imepotea. Imepotea Ijumaa ya tarehe 8 mwezi huu, kabla ya sala, ndani ya nyumba yake mwenyewe hapo Vanga, na aliyeipoteza ni wewe. Nimelitanguliza hilo mbele ya salamu kwa sababu nikianza na salamu mkono wangu utapoa, nami sitaki upoe. Sasa, shikamoo mjomba. Mgongo wako u hali gani? Mimi ni mzima wa mwili, raha sina.

Habari nimezipata kwa Salimu wa lori la samaki. Alisimama mlangoni mwa chumba cha dobi akicheka: "Hongera Mwanasha! Nyumba yenu imepigwa chokaa, yang'aa kama meno ya bwana harusi." Nikamwuliza, nje? "Nje na ndani. Ndani ndiko zaidi. Mjombako alikuwa juu ya ngazi, kanzu kaikunja kiunoni. Nilimtolea salamu hata hakunigeukia." Nikaweka pasi chini, nikaketi juu ya tenga la shuka.

Najua Uhuru uko mlangoni na kila nyumba iliyo kando ya barabara inapakwa. Hata hapa hotelini tumeipaka minazi chokaa mpaka kiunoni, maskini, kama watu waliovaa shuka. Lakini hakuna mkubwa yeyote atakayeingia ukumbini mwa marehemu mama Mwanatumu kuukagua ukuta wa ndani. Ungeuacha ule mmoja. Kuta ziko nne, mjomba. Nilichukua mmoja.

Usiniambie yalikuwa masizi tu. Nitakueleza ulichokifunika, ili ukijue kwa kipimo chake.

Mama alikufa mwaka jana na hakuwahi kupigwa picha hata moja. Nilipokuja kwenye hitima ya mwaka, nawe uko Tanga ukitengeneza milango ya yule Mhindi, nikakuta mbuzi yake ya kukunia nazi imeliwa na mchwa mguu mmoja. Ile uliyomchongea wewe kwa mti wa mfenesi. Niliipasua vijiti ishirini na vitatu, nikavipanga ndani ya kopo la maziwa, nikaziba kwa udongo, nikaacha tundu moja dogo, nikaliweka motoni. Moshi ulipokuwa mwembamba nikaliepua. Mkaa wa kifuu ni mgumu, hukwaruza. Ule wa mfenesi ni laini, unakwenda popote kidole kinapoupeleka. Kwa mkaa huo nilimchora mama, futi tano kwenda juu na futi nne upana.

Weupe wa uso sikuupaka. Niliufuta. Nilipaka weusi kwanza, kisha nikachukua donge la unga uliokandwa nikawa naunyonya mkaa, kidogo kidogo, mpaka paji la uso likatoka gizani. Mashavu na paji niliyasugua kwa mkaa uliolowa mafuta ya nazi, kwa sababu mkaa mkavu haung'ai na mama alikuwa akipaka mafuta kila siku ya Mungu. Mabegani nikabandika leso yake ya maua, kwa uji wa muhogo. Nyuma yake nikapaka udongo mwekundu wa milima ya Shimba. Siku nne. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza hapa kwenye mkaa wa pasi, nyuma ya karatasi za sukari, miaka sita.

Nataka kujua mambo mawili. Kwanza, ulipaka mikono mingapi ya chokaa, yaani ulirudia mara ngapi? Pili, kabla ya kupaka uliukwangua ukuta au hukuukwangua? Jibu hayo kwanza, ugomvi tutaurudia.

Mpwao,
Mwanasha


Vanga, 2 Desemba 1963

Kwa mwanangu Mwanasha,

Assalaam aleikum. Barua yako imenifikia siku ya nane, lori lilikwama matopeni Lungalunga. Natumai u mzima. Huku wote wazima, alhamdulillahi. Mgongo wangu waniuma, nawe ulipouliza hukungoja jibu.

Umenitukana kwa adabu, na hayo ndiyo matusi mabaya zaidi. Umesema nimeipaka nyumba kwa ajili ya Uhuru. Mimi seremala, mwanangu, si mpambaji wa mitaa. Kuta za nje ndiyo, tulipaka kama watu. Ukuta wa ndani niliupaka kwa ajili yako.

Kumbuka mambo yalivyokuja. Narudi Tanga, nafungua mlango, namkuta dada yangu ananitazama. Sikuwa nimeambiwa. Nikajishikilia kwenye nguzo. Tena ukumbi wenyewe ndio ninaposalia, na wewe wajua yasemwayo, kwamba malaika hawaingii nyumba yenye sura. Hata hivyo sikugusa kitu. Nilijiambia, huyu mtoto amemlilia mamake kwa mikono. Nikakuandikia kwa upole kwamba mkaa utadondoka na kuchafua sakafu. Je, uongo?

Nawe ukanijibu. Barua ninayo hapa mbele yangu, nakunukulia kama ulivyoandika: "Usihofu mjomba. Nimeutia wanga ukuta wote, juu mpaka chini ya dirisha. Nimetia mara tatu. Mama hatatoka tena."

Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Wanga! Uchawi wa usiku, neno ambalo watu hulitaja kwa sauti ya chini, na magharibi ikishaingia hawalitaji kabisa. Na wewe umeliandika kwa wino, kama mtu aagizaye chumvi. Basi nikaangalia ukutani kwa macho mengine. Leso ya maiti imekatwa kwa mkasi. Mbuzi yake haionekani, naitafuta uvunguni, naikuta jivu. Udongo mwekundu. Mafuta. Jirani akaniambia alikuona wapuliza dawa ukutani kwa bomba huku umejifunga kitambaa puani. Mambo yote hayo, kisha mwenyewe waniandikia ni wanga, na mama hatatoka. Wewe ungekuwa mimi ungefahamu nini?

Nilidhani umemfunga dada yangu ukutani.

Nikamwita mwalimu wa chuoni, akasoma Yasini. Nikapanda ngazi mwenyewe, sikumtuma mtu. Mikono mitatu ya chokaa, kwa kuwa ulitia mara tatu. Sikuukwangua. Mkono ulikataa.

Na kwa vile uliandika mwenyewe, niliwaambia wazee wa nyumba. Ilinibidi.

Mjombako,
Alfani


Diani, 9 Desemba 1963

Mjomba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mbele ya Karisa, mkuu wa madobi hapa, naye amecheka mpaka akashika meza. Mimi nilicheka kwanza. Kisha nikalia kwa hasira, na shuka za vyumba vinane zikaungua mstari mmoja wa pasi.

Wanga wa nguo, mjomba! Kanji! Kanji ile unayotia kanzu yako ya Idi ikasimama kama ubao! Hapa kwenye dobi sote tunasema wanga, ndivyo alivyotufundisha Karisa, nami nimesema hivyo miaka sita mpaka nimesahau kuwa huko kwetu neno hilo lina meno. Karisa asema, "Kumbe mimi nimeajiri wanga kumi na moja, na bado shuka hazitoshi!"

Nisikilize kwa utulivu. Mkaa haushiki. Ukiupuliza waondoka, ukiusugua wapotea. Nilikuwa nikichora karatasini, kesho yake nakuta kivuli tu. Siku moja nilirushia kanji karatasi kwa bahati mbaya, ilipokauka nikapitisha kidole, mkaa haukutoka. Ndipo nikaanza: kanji nyepesi, kijiko kimoja kwa chupa mbili za maji, ichujwe kwa kitambaa, ipulizwe kwa bomba la dawa ya mbu lililooshwa vizuri. Kitambaa puani ni kwa sababu bomba halikuoshwa vizuri. Mara ya kwanza ikauke, mara ya pili ikauke, mara ya tatu. "Mama hatatoka" maana yake mkaa hautadondoka sakafuni. Ulilalamikia sakafu. Nikakujibu sakafu.

Kuhusu mbuzi, ndiyo, niliichoma, na nikipata nyingine kama ile nitaichoma. Ilikuwa imekwisha kuliwa. Ulitaka mchwa wammalizie au niitumie? Kila tui alilotunywesha lilipita pale. Hakuna mkaa mwingine duniani uliostahili uso ule. Vijiti vilivyobaki ni vitano, ninavyo kwenye kopo, sivigusi.

Kuhusu malaika, sikuwakumbuka. Ungeniambia hilo mwanzo ningetundika pazia.

Sasa kazi. Hukuukwangua, na hiyo ndiyo habari njema pekee kwenye barua yako. Chokaa iko juu ya kanji, haikuingia yote. Naweza kuiondoa kwa kisu butu na maji kidogo, kiganja baada ya kiganja. Lakini mpaka nifike, usiuloweshe ukuta, usiongeze mkono wa nne, asiuguse mtu. Ruhusa sipati kabla ya katikati ya Januari. Wageni wa Uhuru wanaunganisha na Krismasi, na wao wakiunganisha sisi tunafua.

Na wazee uwaambie ukweli. Uliwatangazia wanga, watangazie kanji.

Mpwao,
Mwanasha


Vanga, 27 Desemba 1963

Mwanangu Mwanasha,

Assalaam aleikum, na heri ya Uhuru. Hapa ngoma zilipigwa mpaka asubuhi, nami nilikuwa ndani, nimeketi nautazama ukuta. Nitakwambia kwa nini.

Barua yako niliisoma peke yangu. Nikachukua kanzu yangu, nikaishika pindo lake, nikacheka kidogo, nikaona haya nyingi. Nikatoka siku ile ile nikaenda barazani kuwaambia wazee. Nikasema, jamani, yule mtoto alimaanisha kanji. Mzee Dzombo, wewe wamjua ulimi wake, akaniuliza, "Kanji hii ndiyo inayorudisha maiti, Alfani?" Nikasema mtu gani karudi? Akasema, "Nenda kwako ukatazame, waliokuja kuteka maji wamekwisha kuona."

Mwanangu, amerudi. Nilikuwa sijaona kwa kuwa nilikuwa siutazami tena ukuta ule, nasali nikiupa kisogo. Shavu la kulia limetokeza katika chokaa, rangi ya chai. Kisha la kushoto. Siku ya Uhuru likatokeza paji la uso. Macho hayapo, mdomo haupo, leso haipo. Mashavu mawili na paji, yananing'inia katika weupe. Watu walioingia kutupa mkono wa heri waliona, wakatoka kwa kurudi nyuma.

Sasa neno lililopo ni hili: Yasini imesomwa na chokaa imepakwa, na wanga wa Mwanasha umeshinda. Wanalisema jina lako. Shangazi zako wameacha kuja kuteka maji kisimani petu. Mzee Dzombo ameamua ukuta uangushwe kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, na wengine wamekubali. Nyumba ni ya upande wa mama, yeye ndiye mkubwa wa upande huo, mimi namfuata. Wajua desturi yetu.

Nilikataa siku ya kwanza. Siku ya pili nikanyamaza. Nakueleza ili usije ukaambiwa na Salimu.

Nimefikiri hivi. Ukuta ukianguka, maneno yataanguka nao, utarudi kwenu ukiwa mtu. Ukisimama, sura itabaki na wewe utakuwa mchawi mpaka kufa kwako, na hakuna atakayeshika jeneza lako hapa. Dada yangu amekwisha kufa. Wewe hujafa. Nichague lipi?

Jambo jingine, na usikasirike. Ulimchora amefumba mdomo. Mwanatumu hakuwa mtu wa kufumba mdomo. Wewe ulimjua akiugua kifua. Mimi nilimjua akinitania toka naanza kutembea. Lakini mashavu haya yaliyotokeza peke yake, bila mdomo, wallahi ni yake. Jioni namwambia, "Dada, umenitia mashakani." Kisha nasitasita, nani ajuaye nani asikia.

Mjombako,
Alfani


Diani, 3 Januari 1964

Mjomba,

Shikamoo. Pole kwa mgongo, pole kwa hayo unayobeba. Nimesoma barua yako ikiwa imelowa maji ya samaki, nimeielewa yote.

Hakuna kilichorudi. Ni mafuta ya nazi. Nilikwambia mashavu na paji nilisugua mkaa uliolowa mafuta. Chokaa ni maji, na maji hayafuniki mafuta. Ukipaka mikono kumi yatapenya mikono kumi. Macho na mdomo ni mkaa mkavu uliotiwa kanji, hivyo havipenyi. Angalia mwenyewe: palipo na mafuta pametokeza, pasipo na mafuta hapajatokeza. Uchawi gani unaochagua hivyo?

Sitaki uniamini kwa maneno. Fanya hivi mbele ya watu, mchana, barazani kwa Mzee Dzombo. Chukua ubao wako mmoja, upake chokaa, ukauke. Saga mkaa wowote wa jikoni kwa mafuta ya nazi. Chora boga. Boga, mjomba, lenye kikonyo, hata wewe waweza. Pembeni yake chora boga jingine kwa mkaa mkavu, lipulizie kanji. Kisha yafunike yote mawili kwa mikono mitatu ya chokaa, umpe mwalimu asome anachotaka kusoma. Ubao uwekwe kwake Mzee Dzombo, alale nao. La mafuta litatokeza, la kanji halitatokeza. La mafuta likitokeza, umwulize kwa heshima zote: hili boga nani amelifunga?

Hiyo ndiyo njia. Ya kuangusha ukuta si njia. Ukiuangusha umekiri kwa niaba yangu. Watasema, walipouvunja ukuta wanga ukaisha, kwa hiyo ulikuwepo. Jina langu litakuwa limeangushwa pamoja na sura ya mama, nami nitakosa vyote viwili. Umepiga hesabu ukaona unapoteza kimoja ili kubakiza kimoja. Rudia hesabu.

Kuhusu mdomo, umesema kweli, na imeniuma zaidi ya chokaa. Mimi ni mtoto wa mwisho, nilimkuta amechoka. Nikija utaniketisha unieleze alivyokuwa akicheka, jino lipi lilionekana kwanza. Mkaa ninao wa kutosha mdomo mmoja. Huo tutaufanya sote wawili, nami safari hii nitatundika pazia, usali kwa amani.

Nimeomba ruhusa mapema. Karisa amesema nenda tarehe 13, atanishikia zamu. Siku kumi, mjomba. Shikilia mlango siku kumi tu.

Mpwao,
Mwanasha


Diani, 9 Januari 1964

Mjomba Alfani,

Shikamoo.

Salimu amerudi jana. Barua hakuniletea. Ameniletea kikapu kilichofungwa kwa kamba za usumba wa nazi, mafundo yako, nayajua. Nikamwuliza, amesema nini? "Hakusema. Alisema nisikigonge." Boga je, alichora boga? "Boga gani tena, Mwanasha?" Ukuta uliuona? "Mlango ulifungwa. Nilisikia msumeno, lakini ile si nyumba ya seremala? Msumeno hapo ni kama jogoo." Watu walikuwapo nje? Akakuna kichwa. Akasema walikuwapo, wengi, na Mzee Dzombo ameketi kwenye kiti. Nikamwuliza walikuwa na nini mikononi. Akasema hakutazama mikono.

Nimekifungua kikapu mezani pa kupigia pasi. Ndani, katikati ya nyasi kavu, kipande cha ukuta cha ukubwa wa sahani, fito na udongo na chokaa vyote pamoja. Juu ya chokaa hakuna kitu. Nikachukua kisu butu na maji, nikafanya kama nilivyokueleza. Kiganja kimoja. Limetoka sikio la mama la kushoto na kipande cha leso kilichokuwa chini yake. Halijaharibika. Kanji imeshika.

Karisa alikuja, akausogeza mrundo wa shuka pembeni ili nipate nafasi.

Kisha nikapima. Pande tatu za kipande hiki zimenyooka, fito zimekatwa kwa meno madogo ya msumeno, na pembeni umepiga uji na kitambaa zisimeguke. Mtu anayeangusha ukuta hafanyi hivyo. Hiyo ni kazi ya mtu aliyemkata mama kutoka ukutani polepole ili amtoe mzima. Lakini upande wa nne, upande uliokuwa ukigusana na shavu, umevunjika. Hauna meno ya msumeno. Umepigwa.

Nimeutazama upande huo tangu jana na kila nikiutazama napata jibu tofauti. Labda uliteleza. Labda mgongo. Labda walichoka kungoja nje.

Sikuulizi tena kuhusu wanga, wala jina langu. Waniite watakavyo, nimekaa na majina mengine mabaya zaidi ya hilo na nikala. Wala sikulaumu. Aliyefungasha sikio lile hawezi kulaumiwa na mimi.

Nauliza jambo moja tu. Salimu anashuka kesho Ijumaa, atalala huko, na keshokutwa Jumamosi adhuhuri atawasha lori kurudi. Kabla hajaliwasha, mpe jibu lako, kwa kalamu au kwa mdomo, neno moja linatosha. Usiniletee salamu, usiniletee kikapu kingine kisicho na maandishi, usiniambie tutaongea nikifika.

Uso uliutoa, au haukutoka?

Mpwao,
Mwanasha